Mara ya Tatu, Karatasi ya Pili

Tumo ishirini na saba katika ukumbi wa kanisa,
nyuma ya Uwanja wa Afraha,
wanawake wawili, nami mmoja wao.
Mwingine, Jebiwott, ametoka Iten usiku.
Ananyonyesha. Mtoto yuko nje kwa mdogo wake.
Akilia, kalamu ya Jebiwott inasimama;
akinyamaza, inasimama zaidi.
Msimamizi anatazama saa, hatazami mlango.

Ada ya mtihani huu
ni mshahara wa miezi miwili na nusu
wa mtu apangaye miche ya miamba masandukuni
kule juu Menengai, kama miche ya sabuni dukani,
akiandika kina, rangi, nyufa, harufu ya kiberiti.
Ijumaa huja mwenye leseni,
buti zake hazijui vumbi,
anatia sahihi chini ya maandishi yangu.
Sahihi fupi. Hata jina lake halimalizi.

Swali la nne: Eleza, kwa mifano,
kwa nini ardhi hudidimia baada ya mvua kubwa.

Nacheka kimoyomoyo. Mimi na swali hili tunajuana.

Mara ya kwanza niliandika habari za Rhonda:
choo cha mama kilichomezwa usiku wa Aprili,
na mlango wake, na ndoo,
na kandambili moja ya jirani yetu Okwaro
(mwenyewe ndiyo kwanza atoke, Mungu ni mwema).
Nikaeleza maji yanavyopenya majivu ya kale,
yakala chini kwa chini mithili ya mchwa,
yakafuata ufa ambao sisi watoto tuliujua
maana mipira yetu yote iliishia humo.
Nikachora ramani, ploti kwa ploti.
Alama tatu kati ya ishirini.
Pembeni, kwa wino mwekundu: Rejelea vitabu.

Mara ya pili nikarejelea.
Nikakariri mashimo ya chokaa ya nchi
ambazo mvua yake haijawahi kuninyeshea.
Kwenye usaili mzee mmoja mwenye tai
hakuuliza lolote kuhusu mawe. Aliuliza,
"Na kambini, binti, utalala wapi?"
Nikamjibu, "Kitandani."
Wenzake walicheka.
Alama hazikucheka: arubaini na tisa.
Pasi ni hamsini.

Basi leo nimeivisha Rhonda sare.
Nimeichomekea shati, nimeifunga vifungo,
maneno ya kitabu mbele, yamepiga foleni,
na ndani yake, kifuani,
choo cha mama kinazama tena, taratibu,
kwa istilahi zinazokubalika.

Jebiwott anatoka. Anarudi baada ya dakika kumi na nne
na doa la maziwa kwenye blauzi.
Hajafutwa jina, lakini dakika hazirudishwi.
Anaandika hadi karatasi inavutwa chini ya mkono wake.

*

Barua ilikuja Septemba, ina muhuri wa buluu.
Jebiwott alikosa kwa alama mbili.
Alinitumia picha: mtoto ameshika lensi ya mawe,
anajaribu kuila.

Mama alifuta mikono kwa leso,
akaipeleka barua mlangoni kwenye mwanga.
"Kwa hiyo sasa unajua."
"Sasa naruhusiwa kujua."
Akanyamaza kidogo, kisha akanivuta uani,
kupita kamba ya nguo, kupita kuku.
"Haya, bingwa. Choo kipya tuchimbe wapi?"

Nikachuchumaa. Nikafikicha udongo, nikaunusa,
nikatazama mteremko, kwa heshima ya muhuri.
"Pale. Upande wa juu wa mparachichi."

"Si ndipo ulipotuonyesha
ukiwa darasa la sita?"

"Ndipo."

Akaikunjua tena barua, akaisoma polepole,
mbele na nyuma, kana kwamba kuna kitu kimesahaulika.
"Ebu niambie tena," akasema.
"Ulilipa shilingi ngapi?"